Kabla kijana hajapanda ndege: vitu vya kuangalia kwenye safari za Erasmus+

Sisi tunaofanya kazi na vijana huku Ulaya tunajuana, msimu wa kuomba hela za Erasmus+, yaani mpango wa Umoja wa Ulaya (EU) unaolipia vijana kwenda kukutana na wenzao wa nchi nyingine, ukifika kila mtu anaandika mradi wake unajumuisha wote, halafu ukiangalia listi ya waliosafiri ni walewale wenye pasipoti safi na mzazi mwenye hela benki. Wale wengine hakuna aliyewakataa, walijitoa wenyewe kimyakimya kwa sababu ya vitu ambavyo vingeulizwa mapema vingetatulika.

Anza na karatasi, tena kabla hata hamjachagua nchi. Kijana wa familia ya Kikongo iliyopata ukimbizi Ubelgiji, akiwa na hati yake ya kusafiria na kibali cha kuishi, Hispania au Ureno anaenda vizuri tu. Ila Ireland na Cyprus ziko EU na haziko Schengen, lile eneo la nchi zinazopitana bila ukaguzi wa mpakani, na Uturuki iko kwenye Erasmus+ wakati EU yenyewe haimo, kwa hiyo huko huenda akatakiwa viza na viza haijui kwamba safari yenu ni wiki ijayo. Anayesubiri bado jibu la ukimbizi wake mara nyingi hawezi kuvuka mpaka kabisa. Huyo usimfute, nyinyi muwe wenyeji, wageni waje kwenu naye ashiriki akiwa palepale mjini kwake.

Halafu mahitaji. Programu za kubadilishana vijana zinachukua wa miaka 13 hadi 30, kwa siku 5 hadi 21 bila kuhesabu za safari, na siku zote hizo mtu anakula, analala, anameza dawa. Ile fomu ya "una ulemavu? ndiyo/hapana" haikusaidii kitu, wengi wanajaza hapana yaishe. Kaa naye akusimulie siku yake toka anaamka mpaka analala, hapo ndo utasikia kuna insulini ya kuweka kwenye friji, kuna mtu hawezi kulala chumba cha watu wanane. Ukishajua, weka kwenye bajeti, kwa sababu gharama halisi za ujumuishaji zinalipwa asilimia 100: msaidizi wa kuongozana naye, mkalimani wa lugha ya alama n.k. Na wakalimani weka wawili wapokezane jamani, mmoja kutwa nzima mikono na akili vinachoka, saa nane mchana kijana wako anapata nusu ya maneno.

Ziara ya maandalizi, ile ya kwenda kukagua mahali kabla ya safari yenyewe, msiende viongozi peke yenu. Nenda na kijana mwenyewe mwenye kiti mwendo, mkiwa na tepu ya kupimia, mpime upana wa mlango wa choo, sio wa mapokezi, kwa sababu hosteli ikisema "tunafikika" mara nyingi inamaanisha pale mbele kuna rampu. Muangalie na njia ya kutoka kwenye basi mpaka chumbani, changarawe zile zinazopendeza kwenye picha ni adui wa tairi.

Kwenye ndege, sheria ya EU inataka msaada uombwe angalau saa 48 kabla, na kama kiti ni cha umeme shirika litauliza betri ni ya aina gani, basi piga picha kibandiko cha betri ukae nayo kwenye simu.

Kwa sisi tunaofanya kazi na vijana kuna mafunzo yetu, siku 2 mpaka 60, na hapa nina neno. Kufungwa kitambaa machoni dakika kumi eti mjue upofu ukoje, halafu mnacheka, kwangu ni mchezo tu. Mkufunzi mwenye ulemavu mwenyewe, aliyelipwa kama mkufunzi, anafundisha zaidi asubuhi moja.

Mwisho hela, na hapa ndo wengi wanapojitoa. Mashirika kibao mnayoshirikiana nayo kwenye mradi yanakwambia mshiriki ajinunulie tiketi atarudishiwa baadaye, na baadaye yenyewe ni miezi. Familia inayosubiri mshahara kulipa kodi ya nyumba haina tiketi ya kukukopesha! Sehemu kubwa ya ruzuku inatangulizwa, kwa hiyo shirika linunue tiketi lenyewe, na hilo liandikeni kwenye makubaliano na washirika kabla hamjaanza kutangaza nafasi.