Kuomba skolashipu ya Uturuki ukiwa Lamu: anza na majina yako, fomu iwe ya mwisho

Haya nawaandikia nyinyi mnaomaliza kidato cha nne hapa Lamu pamoja na wazazi wenu, na wa Malindi pia maana shida zetu ni zile zile. Zamani mtoto wa huku akitaka kusoma ng'ambo na mfuko ni mdogo, njia iliyojulikana ilikuwa Khartoum, mitaani kwetu hawakosekani waliosoma Sudan. Tangu vita vilipoanza kule tarehe 15 Aprili 2023 njia hiyo imefungika, na wengi sasa wanaangalia Uturuki, hasa ile skolashipu ya serikali yao inayoitwa Türkiye Bursları. Mdogo wangu ameipata na sasa yuwasoma kule. Mimi ndiye niliyekuwa nikizunguka na bahasha ya makaratasi yake, na nataka wenzangu wasipite tulikopita.

Kwanza jueni inalipa nini: ada ya chuo, posho ya kila mwezi, malazi, bima ya afya, mwaka wa kujifunza Kituruki kabla ya digrii, na tiketi ya ndege ya kwenda na ya kurudi ukimaliza. Kwa digrii ya kwanza uwe chini ya miaka 21 na alama zisipungue asilimia 70, ila udaktari, meno na famasia wanataka asilimia 90. Kuomba ni bure. Hilo la bure nitalirudia huko chini kwa sababu kuna wazazi limewaumiza.

Sasa angalieni kalenda. Maombi kwa kawaida hufunguliwa tarehe 10 Januari na kufungwa 20 Februari. Matokeo ya KCSE, yaani mtihani wa kidato cha nne, ya 2023 yalitangazwa 8 Januari 2024, ya 2024 yakatangazwa 9 Januari 2025. Yaani matokeo yakishatoka tu, mfumo nao unafunguka na saa inaanza kuhesabu, una wiki kama sita. Wiki sita ni nyingi kwa mtu ambaye makaratasi yake yamekaa sawa, lakini kwa mtu ambaye cheti cha kuzaliwa kinamwita hivi na cheti cha mtihani kinamwita vile, hazimfikishi popote. Kwa hivyo kazi yenyewe inafanywa Novemba na Desemba, wakati wenzako wanapumzika baada ya mtihani.

Majina ndiyo yaliyotula muda na pesa, kwa hivyo nitakaa hapa kidogo.

Sisi huku mtoto anaitwa jina lake, la baba na la babu, wengine wanaongeza la ukoo. Kila karatasi imeandikwa na mtu tofauti aliyeandika alivyosikia. Tuseme cheti cha kuzaliwa kinasema Fatuma Athumani, shule ikamsajili Fatma Athman Shee, akifika miaka 18 kitambulisho kikatoka Fatma Athuman. Kwetu sote tunajua ni mtoto yule yule wa nyumba ile ile, lakini mtu anayesoma makaratasi hayo Nairobi au Ankara anaona watu watatu. Mohamed, Mohammed na Muhamad ni hivyo hivyo. Tarehe ya kuzaliwa pia iangalieni, kuna watoto wengi walioandikishwa shule kwa mwaka wa kukisia.

Kama bado uko shule, una bahati na usiipoteze. Mwanzoni mwa mwaka wa mtihani shule inawasajili nyinyi KNEC, baraza la mitihani, na kuna orodha ya majina mnaoneshwa mhakikishe kabla ya kutia sahihi. Siku hiyo nenda na cheti chako cha kuzaliwa mkononi, usome jina lako herufi kwa herufi na tarehe, kama kuna kosa mwambie mwalimu papo hapo na umfuatilie mpaka uone limerekebishwa. Wazazi msiwaachie watoto peke yao, mpigieni mwalimu simu muulize. Hiyo ni hatua isiyokuwa na gharama yoyote na ndiyo inayookoa kila kitu kinachofuata.

Kama ushamaliza na majina hayalingani, fuata kanuni moja: cheti cha KCSE ndicho kigumu zaidi kubadilisha, basi kichukue kiwe ndicho kipimo na vingine vifuate. Kama kosa limetokea shuleni, anza kwa mwalimu mkuu akuandikie barua, halafu maombi ya marekebisho yanapelekwa KNEC kwa mfumo wao wa mtandaoni wa QMIS. Kama cheti cha kuzaliwa ndicho chenye kasoro, nenda ofisi ya usajili wa raia na kila kitu ulicho nacho, kadi ya kliniki kama ipo, cheti cha KCPE (mtihani wa darasa la nane), vitambulisho vya wazazi, barua ya chifu. Mzazi akiwa amefariki beba cheti cha kifo, akiwa yuko nje ya nchi kaulizeni mapema wanataka nini badala yake, maana hili limewakwamisha wengi ambao baba zao wako Arabuni. Na uyafanye haya kabla ya kuchukua kitambulisho na pasipoti, kwa sababu hizo zinafuata cheti cha kuzaliwa, na kosa likishaingia huko utalirekebisha mara tatu.

Halafu kuna afidaviti. Tofauti ikiwa ni ya herufi tu na muda umekwisha, wakili au kamishna wa viapo anakuandikia hati ya kiapo kwamba majina yote haya ni ya mtu mmoja. Inasaidia, unaiambatisha na vyeti. Lakini ielewe vizuri, afidaviti haibadilishi jina kwenye cheti chochote, inaeleza tu. Kubadilisha jina hasa ni hati nyingine ambayo wakili anaisajili na kutangazwa kwenye Gazeti la Serikali, na hiyo ina gharama yake na muda wake. Sisi ofisi moja ilituambia kiapo kinatosha, tukaondoka tumeridhika, ofisi ya pili ikakikataa. Kwa mtu anayeishi Mombasa hilo ni usumbufu wa asubuhi moja, kwa mtu wa Lamu ni boti mpaka Mokowe, basi mpaka Mombasa, na kulala huko. Basi kabla ya kuondoka kwenye dirisha la ofisi yoyote muulize aliyekuhudumia, kwa adabu, akuandikie kwenye karatasi ni hati gani hasa wanazotaka, asilia au nakala, za nani na nani. Nimeona mtu akiandika anafikiri zaidi kuliko akijibu kwa mdomo. Na beba nakala za kila kitu hata kile ambacho hawakukuomba.

Ukishamaliza majina, mengine ni mepesi.

Pasipoti huhitaji siku ya kuomba, kitambulisho cha taifa au cheti cha kuzaliwa kinakubalika kwenye maombi. Lakini usingoje mpaka jibu la mwisho. Ukiitwa tu kwenye mahojiano, siku hiyo hiyo anza maombi ya pasipoti kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Ada ya ile ya kurasa 34 ilipandishwa Machi 2024 kutoka shilingi 4,500 hadi 7,500, na juu yake kuna kiasi kidogo cha huduma ya mfumo. Malipo yote yanakwenda humo humo eCitizen, Paybill 222222, hakuna pesa ya mkononi ya kumpa mtu yeyote. Wakati wa kuchagua kituo cha kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole, kwetu Mombasa ndiko karibu kuliko Nairobi, hakikisha umechagua hivyo kabla ya kulipa.

Kwenye fomu yenyewe, fungua akaunti kwa imeli yako mwenyewe na namba yako ya simu mwenyewe. Kuna vijana wanafunguliwa imeli na mtu wa saiba (duka la intaneti), nywila anaijua yeye, na ujumbe wa kuitwa mahojiano unafika kwenye imeli ambayo mwenyewe hawezi kuifungua. Hilo linaumiza sana kwa sababu mtoto alikuwa amechaguliwa na hakujua. Angalia imeli yako kila siku kuanzia Februari, na lile folda la taka pia. Vyeti vipigwe skani vizuri kwa rangi, kurasa zote, si picha iliyopigwa juu ya kitanda na kivuli cha mkono juu yake. KCSE inatoa gredi si asilimia, basi usibuni asilimia ya kwako, jaza kama ilivyo kwenye karatasi yako ya matokeo. Na usisubiri wiki ya mwisho, Februari mfumo unaelemewa na intaneti yetu mnaijua.

Barua ya kueleza kwa nini unataka kusoma kozi hiyo andika mwenyewe. Zile za kunakili zinafanana zote, jina tu ndilo linabadilishwa, na anayesoma maelfu ya barua anazijua. Una mambo ya kusema ambayo mtu wa mbali hana. Anayetaka uhandisi aeleze bandari mpya ya Lamu kule Kililana, gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, aseme ameona nini kikibadilika na anataka kushika kazi gani hapo. Anayetaka sayansi ya bahari aeleze mikoko na uvuvi anaoufanya baba yake. Mdogo wangu aliandika yanayomhusu, na kwenye mahojiano wakamuuliza hayo hayo aliyoyaandika, akajibu bila kubabaika kwa sababu yalikuwa yake. Mahojiano hayana mtego mkubwa, wanataka kujua kwa nini kozi hii na kwa nini Uturuki, na kama unaijua kozi yenyewe ina nini ndani. Ukiwa umesoma madrasa na Kiarabu unakizungumza, kitaje, wengi wanakiacha wakidhani hakihesabiwi.

Sasa lile la bure. Kuna watu wanazunguka wakiwaambia wazazi wana nafasi za Uturuki, lete kiasi hiki mtoto aende. Nafasi za skolashipu hii haziuzwi, hakuna wakala aliyepewa azigawe, maombi ni kwenye tovuti yao rasmi na hapalipwi hata senti. Anachoweza kukusaidia mtu ni kujaza fomu, na hiyo mpe malipo ya saiba basi. Ukiona mtu anachukua vyeti asilia vya mtoto na kwenda navyo, vidai siku hiyo hiyo. Mama mmoja jirani yetu aliuza dhahabu yake kumlipa mtu wa namna hiyo na mtoto hakwenda popote, na mpaka leo moyo wangu unauma nikimuona.

Ukipata, unathibitisha kwenye mfumo, halafu viza kwenye ubalozi wao Nairobi. Hapa ndipo vyeti asilia vinatakiwa. Kule Uturuki lazima ufanye denklik, ni hati ya kuonesha kwamba elimu yako ya sekondari inalingana na yao, na hawaitoi kwa karatasi ya matokeo peke yake. Kwa hivyo cheti chako cha KCSE kikifika shule kichukue mara moja. Kama una deni la karo na shule inakizuia, nenda ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, wizara imeshaagiza mara nyingi kwamba vyeti visizuiwe. Uliza pia mapema kama ubalozi unataka vyeti vithibitishwe na Wizara ya Mambo ya Nje, maana hiyo inafanyika Nairobi, na safari moja uimalize yote.

Mwaka wa lugha msiuchukulie mdogo. Unatakiwa ufike kiwango cha C1 cha Kituruki ndipo uanze digrii, anza kujifunza herufi na salamu ukiwa bado nyumbani. Na ukifika shughulikia kibali cha ukaazi mwezi wa kwanza.

Kabla ya kuchagua kozi hakikisha utakaporudi itakubaliwa. Tume ya elimu ya vyuo vikuu, CUE, ndiyo inayotambua digrii za nje, na udaktari kuna baraza la KMPDC, uhandisi kuna EBK, sheria kuna Council of Legal Education, kila mmoja ana masharti yake mpaka ya gredi za KCSE. Waulize kabla ya kuondoka, si baada ya miaka sita.

KUCCPS, wanaogawa nafasi za vyuo vya hapa Kenya, nayo jaza kama kawaida, wanaoomba Uturuki ni wengi mno na wanaochukuliwa ni wachache, usikae bila nafasi ya hapa nyumbani. Wanaoweza kujilipia wenyewe wana njia ya mtihani wa TR-YÖS kwa vyuo vya Uturuki, au Malaysia ambako maombi ya pasi ya mwanafunzi yanapitia EMGS, shirika lao la kushughulikia wanafunzi wa kigeni, na huko usipande ndege kabla hujapata barua yao ya idhini ya viza. Malaysia na India wanataka pia cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na kinaanza kufanya kazi siku 10 baada ya kuchanjwa, kwa hivyo usichanje siku ya mwisho.

Siku ya kuondoka mwachie mtu mmoja wa nyumbani anayejua kufuatilia, awe dada, mjomba au mama, nakala za kila kitu pamoja na namba yako ya mtihani, na umuoneshe namna ya kuingia eCitizen yako. Wewe utakuwa Konya au Ankara wakati ofisi ya huku inataka karatasi, na yeye ndiye atakayepanda boti kwenda kuitafuta.