Meli ya Angani ya Stimpanki kwa Mchezo wa Mezani: Mambo ya Kuzingatia Kabla Hujashika Kisu

Meli nyingi za aina hii, yaani modeli za meli za kubuni zinazoelea kwa puto na kuendeshwa kwa mvuke, hukosewa kabla foamu haijakatwa. Mjenzi huanza na puto kwa sababu ndilo linalovutia macho, kisha siku ya kucheza anagundua kwamba visanamu vya wachezaji havipiti juu ya sitaha. Anza na sitaha.

Chukua visanamu vyenyewe, vile utakavyochezea, uvipange mezani. Vya kimo cha milimita 28 husimama kwenye vitako vya duara vyenye upana wa milimita 25, kwa hiyo viwili vikipishana vinahitaji njia ya sentimita 6. Mzinga mmoja na gurudumu zake hula kama sentimita 4. Sitaha ya sentimita 32 kwa 9 inabeba watu sita hadi wanane bila msongamano, mradi mizinga ya kulia na ya kushoto isitazamane; ikitazamana, katikati hubaki sentimita moja tu na hapiti mtu. Ukingo usizidi milimita 18, ambazo kwa skeli ya 1:56 (milimita moja ya modeli ni milimita 56 za kweli) ni kama mita moja. Ukizidisha hapo, vidole vinashindwa kushika kisanamu.

Puto nalo usilipimie skeli ya kweli. Meli ya angani ya mvuke ya mhandisi Mfaransa Henri Giffard, iliyoruka kutoka Paris hadi Trappes mwaka 1852, ilikuwa na urefu wa mita 44. Kwa 1:56 hiyo ni karibu sentimita 79. Graf Zeppelin, meli ya angani ya Ujerumani yenye mita 236, ingezidi mita 4. Hakuna meza ya kubeba kitu hicho. Chupa mbili za maji za lita moja na nusu, zikikatwa vitako na kuunganishwa tumbo kwa tumbo, zinatoa puto la kama sentimita 45, na jicho linaridhika kabisa.

Tatizo kubwa la puto ni mkono. Jaribu sasa hivi: shikilia chupa sentimita 7 juu ya meza, kisha jaribu kuinua kisanamu kilicho chini yake bila kugusa cha jirani. Haiwezekani. Ukiinua nguzo hadi sentimita 12 mkono unapita, lakini meli inakuwa na kichwa kizito na kuyumba. Njia bora ni puto la kubanduka: nguzo nne za sentimita 7, kila moja na sumaku ndogo juu. Kabla ya gundi, weka alama ya kalamu kwenye uso mmoja wa kila sumaku. Moja ikigeuka, puto litasukumwa badala ya kuvutwa, na kuing'oa ni kuharibu nguzo.

Vifaa vya kuwa navyo mkononi si vingi: foamu ngumu yenye unene wa sentimita 2 (ile ya bluu au waridi, siyo nyeupe ya vipunje inayofungashiwa televisheni, kwani hiyo humomonyoka ukiikata), vijiti 60 vya kukorogea kahawa, vijiti kumi vya mishikaki, uzi mnene, gundi nyeupe ya mbao na msasa namba 240. Sitaha yenyewe hula vijiti vya kahawa kama 40; vilivyobaki ni kwa ajili ya vilivyopinda, na havikosekani.

Sasa gundi na rangi, maana hapa ndipo kazi ya wiki nzima inapotea kwa dakika moja. Rangi ya kopo la kupuliza huyeyusha foamu, na supaglu inaweza kuila vilevile. Funika foamu kwanza kwa tabaka mbili za gundi nyeupe iliyochanganywa na rangi nyeusi ya maji, na uhakikishe hakuna tundu hata la pini. Chupa nayo haishiki rangi: ipige msasa, kisha ibandike vipande vya gazeti kwa gundi iliyozimuliwa kidogo. Gundi ya moto usiiguse kwenye chupa tupu. Plastiki hiyo hulegea na kubonyea.

Stendi ndiyo inayoamua kama meli itaruka au itaanguka. Nondo laini ya milimita 6, urefu wa sentimita 15, inatosha, ikisimama kwenye duara la MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa) la sentimita 15 lenye washa nzito (pete bapa ya chuma) chini yake. Nondo isichomekwe kwenye foamu moja kwa moja. Ukigeuza meli mara chache tundu hupanuka, na kuanzia hapo omo (sehemu ya mbele ya meli) huinama taratibu mpaka mizinga inaelekea sakafuni. Fukia kipande cha mbao tumboni, kitoboe, uingize kijibomba cha shaba. Mahali pa tundu hapatafutwi kwa rula: funga kila kitu kwa utepe, puto likiwemo, kisha laza mkuku (uti wa chini ya meli) juu ya penseli hadi omo na tezi (sehemu ya nyuma) zisawazike. Soma pia kanuni za mchezo wako, kwa maana baadhi hupima umbali kutoka kwenye stendi na siyo kutoka kwenye meli.

Ukifikia mapambo, fikiria dohani, bomba la kutolea moshi. Giffard aliielekeza yake chini, kwa kuwa cheche zingefika kwenye hidrojeni zingeteketeza chombo chote. Dohani iliyosimama wima chini ya puto huharibu uongo mtamu wa meli nzima. Ipitishe ubavuni au igeuzie nyuma, mbali na rafadha (panga za kusukuma meli).

Mwisho, tafuta sanduku la kubebea kabla ya kukata chochote, upime ndani yake na siyo nje. Puto na nondo viwe na nafasi zao pembeni, na rafadha zisiguse ukuta.