Kusoma Berlin: Karatasi Ipi Itangulie Ipi

Vyuo vikuu vya umma vya Berlin havitozi ada ya masomo kwa shahada ya kwanza, wala kwa shahada nyingi za uzamili. Hilo ndilo linalowavuta wengi. Kinachowakwamisha ni mpangilio: kule kila karatasi huzaa nyingine, na ukiruka moja, zinazoifuata hazitoki.

Anza mwaka mmoja kabla. Masomo ya muhula wa baridi huanza Oktoba, na programu nyingi za shahada ya kwanza hufunga maombi 15 Julai. Za uzamili hufunga mapema zaidi, nyingine Mei. Vyuo kadhaa hupitisha vyeti vya nje kwenye ofisi ya ukaguzi iitwayo uni-assist. Ombi la kwanza ni euro 75, kila la ziada katika muhula huohuo ni euro 30. Ofisi hiyo haianzi kazi mpaka malipo yaingie, na ukaguzi huchukua wiki nne hadi sita, kwa hiyo anayetuma wiki ya mwisho huwa anacheza kamari. Cheti cha sekondari kikionekana hakitoshi, utaelekezwa Studienkolleg, darasa la maandalizi la mwaka mmoja, kwa kawaida kwa Kijerumani. Usilione kama kukataliwa. Ni mlango wa uani.

Barua ya chuo ikishatoka, tafuta pesa ya kuonyesha ubalozini. Asiye na ufadhili wala mdhamini rasmi anayeishi Ujerumani hufungua Sperrkonto, akaunti unayoijaza kabla ya safari na inayokuachia kiasi maalumu tu kila mwezi. Tangu Septemba 2024 kiwango ni euro 11,904 kwa mwaka, yaani 992 kwa mwezi. Hupandishwa mara kwa mara, hivyo hakikisha kwenye tovuti ya ubalozi siku unayotuma. Tuma na ziada kidogo: benki za katikati hukata ada zao njiani, na zikifika pungufu hata kwa euro 10, hati ya uthibitisho haitolewi. Utabaki unasubiri muamala wa pili huku tarehe ya miadi ya viza ikisogea.

Viza unayoiomba ni ya kitaifa, ya masomo, na ada yake ni euro 75. Usiende na viza ya utalii ya Schengen ukidhani utaibadilisha ukishafika. Haibadilishwi, utarudishwa nyumbani kuomba upya. Nafasi za miadi ubalozini huisha miezi kadhaa mbele, kwa hiyo itafute mapema iwezekanavyo.

Kwenye bima ya afya kuna mtego mmoja usioteguka. Mwanafunzi aliye chini ya miaka 30 anaweza kuingia bima ya umma kwa bei ya wanafunzi, takriban euro 150 kwa mwezi. Bima binafsi zinatangazwa kwa bei ndogo, na wengi hukimbilia huko bila kujua kwamba lazima kwanza waombe kusamehewa ile ya umma. Msamaha huo haufutiki mpaka masomo yaishe. Ukiugua mwaka wa pili na bima yako ndogo ikakataa gharama, huna pa kurudi. Bima ya umma ndiyo inayokitumia chuo taarifa zako moja kwa moja, na bila taarifa hizo husajiliwi. Siku za kati ya kutua na kusajiliwa zifunike kwa bima ya safari.

Sasa nyumba, ambayo Berlin ndiyo shughuli yenyewe. Ingia kwenye foleni ya mabweni ya studierendenWERK BERLIN, shirika la huduma za wanafunzi, mara tu unapopata udahili. Chumba katika nyumba ya kushirikiana kwa euro 500 hadi 700 ni jambo la kawaida. Piga hesabu: 992 toa chumba cha 600, toa bima 150, unabaki na kama 240 za chakula na mengine yote. Unapolinganisha bei uliza kama ni Kaltmiete, kodi tupu, au Warmmiete, yenye joto na maji ndani. Amana kisheria haizidi Kaltmiete ya miezi mitatu. Mwenye nyumba anayedai yuko nje ya nchi na atakutumia funguo kwa posta ukishalipa ni tapeli, hata kama kakuonyesha picha ya pasipoti.

Kabla ya kusaini, uliza swali moja: nitaweza kujiandikisha hapa? Ndani ya siku 14 baada ya kuhamia unatakiwa kufanya Anmeldung, yaani kuandikisha anwani Bürgeramt, ofisi ya huduma za wakazi, na utahitaji fomu iliyosainiwa na mwenye nyumba kuthibitisha kwamba umehamia. Anayekukodisha kimyakimya hatakupa. Bila Anmeldung namba ya mlipakodi haiji, na kibali cha ukaazi kinakuwa kigumu. Ofisi yoyote ya mji itakuhudumia, si ya wilaya yako tu. Fungua ukurasa wa miadi asubuhi na mapema, kisha uurudie mchana, maana miadi iliyofutwa hurudi hapo. Ukiulizwa dini, jua kwamba Mkatoliki au Mlutheri aliyejiandikisha hivyo hukatwa kodi ya kanisa, Berlin asilimia 9 ya kodi ya mapato, pindi atakapoanza kulipa kodi hiyo.

Halafu bandika jina lako kwenye kisanduku cha barua siku hiyohiyo. Majengo mengi ya Berlin hayana namba za milango. Tarishi husoma majina, na asipoliona lako, barua ya benki na ya namba ya mlipakodi hurudi zilikotoka. Itakuja pia barua ya ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi kwa nyumba nzima. Usiitupe. Kama mwenzako analipa tayari, jibu kwa namba yake ya malipo.

Kibali cha ukaazi omba mtandaoni kwa Landesamt für Einwanderung, idara ya uhamiaji ya Berlin, kabla viza haijaisha, uhifadhi uthibitisho wa siku uliyotuma. Kazi unaruhusiwa siku 140 nzima au 280 nusu kwa mwaka. Nusu ni saa nne, na kazi za usaidizi chuoni hazihesabiwi. Andika siku zako mwenyewe, mwajiri hatakuhesabia.

Kila muhula lipa mchango wa chuo, zaidi ya euro 300 na tiketi ya usafiri ikiwemo, kabla ya tarehe ya kujisajili upya. Usipolipa hata baada ya kukumbushwa, chuo hukufuta uanafunzi, na kibali chako kilisimama juu ya uanafunzi huo.