Kijana wako amewekewa bondi ya kutunza amani: fanya hivi

Nje ya Mahakama ya Mombasa mara nyingi nakuta jamaa wanakumbatiana, mama anapiga vigelegele, kijana "ameachiliwa". Baadhi yao hurudi kabla mwaka haujaisha, mjomba aliyedhamini akiwa hajui ashike wapi. Kazi yangu ni msaada wa kisheria, na hili ndilo linaloniuma zaidi.

Hatua ya 1: Elewa ni bondi gani. Ile dhamana ya kabla ya hukumu humtaka mshtakiwa arudi kortini. Hii ya kutunza amani huja baada ya kupatikana na hatia, na kinachodhaminiwa ni mwenendo wake: anaahidi kutovunja amani kwa muda uliowekwa, na akivunja anadaiwa kiasi kilichoandikwa. Kifungu cha 33 cha Kanuni ya Adhabu kinamruhusu hakimu kuitoa kwa kosa lolote lisilo la kunyongwa, badala ya adhabu nyingine au pamoja nayo. Kwa hivyo mtu anaweza kulipa faini na bado akawa na bondi shingoni.

Hatua ya 2: Andika mambo matatu kabla hujatoka ukumbini. Ni shilingi ngapi, ni ya muda gani, na je, wadhamini wanatakiwa? Hujasikia vizuri, omba irudiwe. Hakuna hakimu atakayekufokea kwa hilo.

Hatua ya 3: Tafuta mdhamini wa kweli. Hapa msifanye haraka. Kaeni nyumbani, iwe Likoni au Kisauni, mumweleze huyo mtu wazi: hatoi pesa leo, ila kijana akivunja amani, korti itamwita alipe kiasi kilichoandikwa au aeleze kwa nini asilipe. Akishindwa, mali yake inaweza kukamatwa na kuuzwa. Isipotosha, yeye mwenyewe anaweza kufungwa hadi miezi 6. Korti ina uwezo wa kumpunguzia, lakini asiingie akitegemea huruma hiyo. Mumwombe mtu ambaye kijana anamwonea haya, maana haya hiyo ndiyo itakayomzuia mkono siku ya hasira. Mtu wa kukodi pale nje, mliyejuana asubuhi ileile, msimkubali kabisa.

Karani wa korti iliyotoa amri ndiye atakayewaambia stakabadhi zinazotakiwa.

Hatua ya 4: Someni, kisha mtie sahihi. Kijana hajui kusoma, asomewe kwa lugha anayoielewa. Bondi isipowekwa, anaweza kuamriwa akae gerezani hadi iwekwe, lakini si zaidi ya mwaka 1. Na kifungo hicho, kikijumlishwa na kile alichohukumiwa, hakiwezi kupita kifungo kirefu zaidi cha kosa lake. Shambulio la kawaida, kwa mfano, mwisho wake ni mwaka 1: aliyefungwa miezi 6 hawezi kuongezewa zaidi ya miezi 6 kwa kukosa bondi. Mkiona hesabu imezidi, muoneni wakili upesi, kwa sababu rufaa hukatwa ndani ya siku 14.

Hatua ya 5: Ishi na tarehe. Chukueni nakala, mbandike tarehe ya mwisho ukutani. Ugomvi ukiwa ni wa jirani, wazee wa mtaa waitwe sasa, mapema, wayatengeneze.

Na mdhamini akianza kuona mambo yanaharibika, asinyamaze kwa kuogopa lawama za ukoo. Aende kortini mwenyewe aombe kuondolewa. Kijana ataitwa atafute mdhamini mwingine.