Kabro za vipande vya vigae: loweka kwanza

Kabro zangu za kwanza (matofali ya saruji ya kutandika njiani) za vigae vilivyovunjika zilimeguka kama mandazi ya juzi. Saruji nilikuwa nimepima sawasawa. Shida ni kwamba nilitia vipande vikavu, vikanywa maji ya saruji.

Viwanda vya vigae viko mbali, huko Kajiado na Athi River, ila hapa Kisumu mabaki hayakosekani: maboksi yaliyovunjikia njiani, na vipande vinavyoachwa na mafundi. Kigae kikishachomwa kwa joto linalopita nyuzi 1,000 hakirudi kuwa udongo, basi tukitumie kama kokoto.

1. Chagua. Geuza kigae, dondoshea tone la maji mgongoni. Likizama papo hapo, hicho ni cha ukutani. Likibaki juu liking'aa, ni posileni, na ndicho kigumu zaidi. Huna maji karibu? Kiguse kwa ulimi. Cha ukutani kinanata. Vijana wangu hucheka, lakini hakuna anayesahau. Vyenye plasta au gundi mgongoni, tupa kando.

2. Ponda. Lowesha kidogo, tia ndani ya gunia, gonga kwa nyundo. Vaa miwani, glavu na barakoa. Vumbi hili lina silika (madini yaliyomo kwenye mchanga), na mapafu yakishaharibiwa na silika hayaponi. Chekecha kwa waya wa matundu ya milimita 10. Vipande vipana virudishe guniani: saruji haishiki vizuri upande unaong'aa, na kabro hupasukia hapo hapo.

3. Loweka usiku kucha. Asubuhi chuja, tandaza kivulini mpaka uso uache kung'aa kwa maji. Ndani pabaki na unyevu.

4. Changanya. Ndoo 1 ya saruji, 2 za mchanga, 2 za kokoto, 1 ya vigae. Changanya kavu kwanza, ndipo utie maji. Kwa mfuko wa kilo 50, lita 25 zisipite. Mimi huanza na 22. Fundi akikuambia uongeze maji ili kazi iwe laini, mwache aseme.

5. Moldi (kalibu). Paka mafuta kidogo, jaza, tingisha mpaka mapovu yaishe. Toa baada ya saa 24.

6. Nyweshea. Jua la Kisumu halina huruma. Panga chini ya mwembe, funika kwa magunia mabichi siku 7, ukimwagilia asubuhi na jioni. Usiuze kabla ya siku 28.

Mimi hutengeneza za milimita 60, za njia ya miguu. Za kuegeshea magari sitengenezi kwa vigae kabla ya kupeleka sampuli maabara zikapimwe.

Kabla ya kuuza, vunja moja. Kipande cha kigae kikikatika pamoja na saruji, uko sawa. Kikichomoka kizima na kuacha shimo laini, rudi hatua ya 2, uponde zaidi.