Kumchagulia mtoto kitabu, na tableti pia: vile tunavofanya laibrari ya skuli hapa Lamu

Walimu wenzangu na nyinyi wazazi, hili swali nimeulizwa sana kwa hivo leo naliandika lote hapa. Mimi nashughulikia laibrari ya skuli ya praimari hapa Lamu, chumba kimoja na kabati nne na mkeka, na haipiti wiki sijaulizwa ninunue kitabu gani, ama hii apu ni nzuri, ama tumeletewa tableti sasa tuzifanyie nini. Mimi huanza kwa kuuliza na mimi: mtoto mwenyewe ni nani? Yuko gredi gani, nyumbani wanazungumza vipi, anapenda nini, akitoka skuli aenda wapi. Kitabu chafuata hapo, mashine yaja mwisho.

Hapo pa akitoka skuli aenda wapi watu hupasahau. Watoto wetu wengi wakitoka skuli waenda chuoni, yaani madrasa, wikendi pia chuoni, sasa ukimpa kitabu cha kurasa 80 na wiki moja ya kukisoma utamtesa bure, atakirudisha vile vile na atakuwa amejiona hawezi. Mpe cha kurasa 16 au 24 akimalize baada ya isha huku mamake anapika ama anasuka ukili, na kesho aje na uso wa mtu aliyemaliza kitu. Nilikuwa na kijana mmoja wa Gredi 4, kitabu alikuwa hagusi, nikakaa naye tu nikamuuliza babake afanya kazi gani, akaniambia ni nahodha, basi akaanza kunieleza tanga na mlingoti na demani na kaskazi, hanyamazi. Nikamtafutia kijitabu chembamba cha mashua na samaki. Alikisoma mara tatu wiki hiyo hiyo.

Sasa lugha, na hapa naomba mniskize vizuri manake ndipo tunapowapoteza watoto wadogo. Mtoto wa hapa mjini ama wa Matondoni ama wa kule Pate amekuja skuli na Kiamu au Kipate chake, Kiswahili cha huku kwetu. Kwake njia ni ndia, moja ni moya, mchele ni mtele, macho ni mato. Kitabu kimeandikwa Kiswahili sanifu, anaona "njia", akili inaelewa, mdomo unasema "ndia", na mwalimu kutoka mbali anamkata pale pale amekosea. Hajakosea! Ameelewa neno na akalisema kwa lugha yao ya nyumbani, huyo anasoma kwa maana na ndio tunachotafuta. Mwache amalize sentensi, halafu mwonyeshe herufi kwa upole, hapa pameandikwa nj, kitabuni twasema njia, nyumbani twasema ndia, zote ni zako. Kwa hivo ukichagua vitabu vya Gredi 1 mpaka 3 tafuta vyenye maneno machache na picha inayobeba maana, mtoto apate pa kushikia neno likimtoroka.

Kujua kama kitabu kinamfaa mtoto tunatumia vidole. Fungua ukurasa wa katikati, si wa kwanza sababu wa kwanza huwa rahisi. Mtoto asome kwa sauti, kila neno asilolijua anyanyue kidole. Kimoja ama sifuri, kitabu ni chepesi, akitaka achukue tu kwa raha yake. Viwili vitatu ndio penyewe. Vinne ajaribu na mwenzake, na ikifika mkono mzima mwambie hiki tutakisoma mimi na wewe, mimi nasoma wewe waskiza. Usimwambie ni kigumu kwako. Kwa vitabu vifupi vya maneno matano kila ukurasa jaribio hili halifai, hapo muangalie macho tu.

Nikwambie na kosa nililofanya mimi. Nilipanga vitabu kwa samaki, vyepesi vikawa na picha ya dagaa, vya kati tasi, vigumu nguru, nikaona nimefanya kitu kizuri sana. Haikupita wiki watoto wakaanza kuitana "wewe bado dagaa" na kuna msichana aliacha kuja kabisa. Nilibandua zote siku ile ile. Sasa natumia stika za rangi ambazo hazina mkubwa wala mdogo, mimi na walimu ndio tunajua rangi gani ni ipi, na yule msichana alirudi, alhamdulillahi.

Ukiwa dukani ama unaletewa vitabu, vishike. Kifungue uone kama kimeshonwa ama kimepigwa pini ama ni gundi tu, sababu gundi na joto letu hazielewani, mwaka mmoja kurasa zote ziko sakafuni. Herufi ziwe kubwa kwa wadogo. Halafu soma ukurasa mmoja kwa sauti pale pale dukani hata watu wakikuangalia, Kiswahili kikikukwama kwenye ulimi ujue kimetafsiriwa neno kwa neno na mtoto atakwama zaidi, kirudishe. Vitabu vya kiada angalia viko kwenye orodha ya KICD, ile taasisi ya mitaala ya Kenya, ya vilivyoidhinishwa, ile walimu tunaita Orange Book, lakini vya hadithi usijifunge na orodha tu. Pesa ikiwa kidogo mimi naona bora nakala sita za hadithi moja nzuri kuliko sita tofauti za kubahatisha, manake watoto wakikaa wawili wawili na kitabu kimoja wanasomeshana wenyewe.

Makatoni ya msaada pia yanakuja, na nawashukuru wanaoleta, lakini pokea ukichambua. Atlasi fungua Afrika, ukiona Sudan bado ni nchi moja hiyo ni ya kabla ya Julai 2011. Kitabu cha sayansi kikisema sayari ni tisa pamoja na Pluto ni cha kabla ya 2006. Hivyo usivipange kabatini, kata picha uzibandike ukutani. Hadithi za theluji na mabuti si lazima uzitupe, watoto wakubwa wanapenda kujua kwengine kukoje, ila zisiwe ndizo nyingi. Mtoto akifungua kitabu cha kwanza maishani mwake aone watu wa kanga na kofia, punda, minazi, aone kitabu kinamjua.

Haya, mashine.

Kabla hujachagua apu yoyote zima intaneti kwenye simu yako uifungue. Ikigoma, kwa skuli zetu nyingi haifai, hata iwe nzuri vipi. Sisi tuliwahi kuletewa kifaa kizuri sana, kila asubuhi kinataka kuingia mtandaoni kwanza ndio kifunguke, bando la nani? Kimekaa kabatini mpaka kimekufa betri.

Kwa hadithi anza na African Storybook, ni mradi wa shirika la Saide la Afrika Kusini, ulianza 2014, una hadithi nyingi za Kiswahili na za lugha nyingi za Kenya, bure. Zimepangwa kwa levo tano, ya kwanza maneno machache kila ukurasa na ya tano ni za mwalimu kusomea watoto. Ya pili ni StoryWeaver ya Pratham Books wa India, ya 2015, nayo ina za Kiswahili. Uzuri wa hizi mbili ni leseni zake, umeruhusiwa kupakua, kuprinti, kutafsiri, hata kubadilisha maneno yawe ya kwenu, bora uache jina la mwandishi na mchoraji na uangalie masharti yaliyoandikwa kwenye hadithi yenyewe. Mimi naenda mahali penye mtandao mzuri mara moja kwa mwezi, napakua PDF za kutosha, narudi nazo kwenye fleshi. Soma kila moja kabla hujawapa watoto, sababu tafsiri nyengine ni nzuri sana na nyengine zina makosa.

Mkiwa na laptopu moja na tableti kadhaa, wekeni Kolibri, programu ya masomo ya shirika la Learning Equality. Hii naipenda kwa moyo wote. Mnaiweka kwenye laptopu, mnapakua masomo na hadithi siku mna intaneti, halafu laptopu inakuwa kama kisima, tableti na simu zinachota kwayo kwa wai-fai bila bando hata shilingi. Ruta ya kawaida yatosha, haihitaji kuunganishwa na mtandao. Hotispoti ya simu pia yaweza lakini simu nyingi hazipokei zaidi ya vifaa kama 10 kwa hivo gawa darasa. Yafunguka kwenye brausa ile ya kawaida, maandishi yake waweza kuyaweka Kiswahili, na mwalimu anaunda darasa na kuona nani amemaliza nini. Usipakue kila kitu! Video zinajaza diski, chagua unazozihitaji muhula huu tu. Kwa wakubwa ongeza apu ya Kiwix, inaweka Wikipedia ya Kiswahili yote kwenye memori kadi. Wikipedia yetu iko tangu 2003 lakini makala hazilingani, nyengine ni sentensi mbili, kwa hivo mtafutie mtoto makala wewe kwanza ndio umtume.

Wa chekechea mimi siwapi tableti, waoneshe katuni za shirika la Ubongo la Dar es Salaam kwa projekta na shuka jeupe, dakika 15, halafu zima muimbe na mhesabu kwa kokoto. Spika ndogo ya bluetuthi kwa maoni yangu yashinda tableti kumi kwa watoto wa umri huo, mrekodi mwalimu ama nyanya mwenye sauti nzuri akisoma, watoto wafuate na vidole kitabuni.

Tableti mbili za watoto wanne ni bora kuliko kila mtu yake, wakikaa wawili wanazungumza na mazungumzo ndio lugha. Na usichukue picha za watoto ama kuwafungulia akaunti kwa majina yao kamili bila idhini ya mzazi, sheria yetu ya kulinda data ya 2019 inataka hivo, na hata isingetaka mtoto ni amana.

Utunzaji nao, manake chumvi ya hapa haina huruma. Kabati isiguse ukuta, kuta za mawe ya matumbawe zinavuta unyevu, acha nafasi ya kiganja, na miguu ya kabati inuke kutoka chini mchwa wasipande kimya kimya. Kaskazi ikivuma na jua kavu fungua madirisha, toa vitabu uvipepee kurasa, ukisubiri masika ndio ukumbuke utakuta kuvu. Tableti ziweke kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko cha kubana pamoja na vile vipakiti vya kunyonya maji vinavyokuja kwenye viatu. Likizo ndefu usiziache zimekwisha moto wala zimejaa, nusu hivi. Chaja ziandike namba kwa rangi ya kucha, nawaambia, chaja ndio hupotea kabla ya kitu chochote.

Kuazimisha sitaeleza sana, daftari moja latosha: jina, kitabu, tarehe. Ukiwa na kompyuta andika kwenye jedwali la kawaida. Kitabu kikipotea usimtoze mtoto wa kwanza, wengine wataogopa kuazima, ongea na mzazi.

La mwisho ni kutengeneza vitabu vyenu wenyewe, na hili lisikuogopeshe. Kaa na mzee mwenye hadithi, rekodi kwa simu, sisi tulianza na nyanya wa mtoto mmoja wa Langoni akatuhadithia sungura na kisima kwa Kiamu chake safi. Watoto wa Gredi 5 wakaskiza wakaandika, wakagawana sehemu 14 na kila kundi likachora sehemu yake. Karatasi nne za A4, printi pande zote mbili kwa mpango wa kijitabu, kunja katikati, pata kurasa 16, piga pini mbili kwenye mkunjo, na jalada la manila. Jina la nyanya liko mbele, kwa herufi kubwa, yeye mwenyewe alikuja kuliona akakishika hakukiachilia. Tulitoa nakala sita na leo nimeangalia kabatini, zote ziko kwa watoto, na kwenye daftari kuna majina tisa yanangojea.