Una kisukari na umeanza kujificha? Fanya hivi

Kinachowamaliza wengi wenye kisukari sio sindano, ni maneno. Ukikonda kabla hujaanza dawa mtaani wanasema una ngoma, ukijichoma insulini stendi unaitwa teja, ukikataa soda msibani eti unaringa, basi mtu anaanza kujificha, akiwa kwa watu anaruka dozi, kupima hapimi, na sukari inapanda hapo hapo. Aibu inaharibu matibabu kabisa, kwahiyo nayo itibu.

Anza na ile namba ya mashine, usiisome kama maksi za mtihani. Asubuhi kabla ya kula wengi tunaambiwa iwe kati ya 4 na 7 (kwa mashine inayosoma mmol/L), masaa mawili baada ya kula isizidi 10, ila wewe fuata uliyopewa kliniki. Ukikuta 14 usijitukane. Jiulize jana usiku nilikula nini, nimelala kweli, nina homa, nina mawazo? Maana homa na mawazo vinapandisha hata kama umekula mchicha na dagaa tu. Andika namba na sababu yake kwenye daftari, nenda nalo kliniki.

Halafu chagua watu wawili watatu unaowaamini uwaambie, sio ukoo mzima. Usiwaombe huruma, wape kazi. Waambie hivi: ukiniona natetemeka, jasho linanitoka, naongea visivyoeleweka, sukari imeshuka, nikorogee vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji au nipe nusu glasi ya soda ya kawaida (sio zero jamani!), tusubiri dakika 15 tupime, ikiwa bado chini ya 4 turudie. Nikizimia usinitie kitu mdomoni, nikimbize hospitali. Mtu akishajua cha kufanya anaacha kukuangalia kama mgonjwa wa kufa kesho.

Sherehe nenda. Pakua mwenyewe: nusu sahani kachumbari na mboga, robo nyama au samaki, robo iliyobaki ndio pilau au ndizi, chagua kimoja. Shangazi akikusogezea keki, "asante shangazi, naomba maji tu" inatosha, hudaiwi maelezo. Sindano chomea pembeni au hapo hapo mezani, utakavyojisikia, ila usiiruke.

Sasa lile linaloongelewa kwa kunong'ona. Sukari ikikaa juu muda mrefu inaumiza mishipa ya damu na ya fahamu, ndio maana wanaume wengine nguvu zinapungua, na wanawake fangasi zinarudi rudi, na hapo usafi wako hauna kosa lolote. Yote mawili yana dawa hospitali. Kaka zangu nawaomba sana, achaneni na zile poda za nguvu za kiume za mtaani, hamjui zimechanganywa na nini na wengi wenu mnatumia dawa za presha pia. Mweleze na mwenzio, asije akadhani humtaki.

Na ukiona wiki mbili zinapita huna hamu na chochote, usingizi hakuna, unatamani kuacha dawa, hiyo inaweza kuwa sonona na inatibika. Siku ya kliniki usiishie kutaja namba, sema wazi "daktari, nimechoka na huu ugonjwa, siku nyingine sitaki hata kupima". Kama tarehe yako iko mbali, nenda kabla.